Gari Lililoamkia

Visiga nzima, mtu pekee aliyekuwa anaamkiwa na gari ni Mjomba Bilali. Kila asubuhi akibonyeza kitufe cha kuwashia, yule mwanamke wa Kijapani aliyefichwa ndani ya dashibodi anasema maneno yake mawili matatu, na Mjomba anamjibu kwa sauti, "Marahaba, binti." Hatukuwahi kujua anasema nini. Huenda alikuwa anamtukana. Siku niliyomwambia hivyo alininyima lifti wiki nzima.

Gari lilikuwa na miezi mitatu mikononi mwake, ingawa Wajapani walishalichoka zamani. Halina tundu la ufunguo. Rimoti inakaa mfukoni, unakanyaga breki, unabonyeza. Bibi Mwanahalima, mama yake, alikuwa Kisarawe akilisubiri. "Uje nalo nilipande kabla sijafa," alimwambia kwenye simu. Mjomba akacheka, akasema bado anaweka vitambaa vya siti.

Bibi alifariki Jumanne alfajiri. Mwishehe, mtoto wa mdogo wake Bibi, ndiye aliyepiga simu.

"Kaka, tunazika baada ya adhuhuri. Mtoto wake wa kiume ni wewe tu, uje uingie kaburini umpokee mama. Lakini unajua maiti haiwekwi."

"Gari ninalo," Mjomba akasema. "Saa tano niko hapo."

Saa tatu tulikuwa ndani ya gari, Mjomba na kanzu yake nyeupe, mimi pembeni yake. Akabonyeza. Kimya. Kwenye kioo kidogo cha dashibodi yakatokea maandishi ya Kijapani na alama ya ufunguo, yakapepesa, yakapotea.

"Leo binti hajaamkia," nikasema.

"Halidi, nyamaza."

Nikanyamaza. Ila alipobonyeza tena nilipiga picha yale maandishi, nikayaweka status: *Jamani, shangazi yetu wa Kijapani kanuna.* Siku ya msiba. Ndivyo nilivyo, mkono unatangulia akili. Halafu nikazima data, maana MB zenyewe zilikuwa za kuokoteza.

Nikamwita Didas, fundi aliyetoka Bukoba, anayejua injini yoyote duniani ilimradi iwe na tundu la ufunguo.

"Taa?"

"Zinawaka."

Akapiga honi. Ikalia. "Basi betri kubwa ni nzima." Akaifungua rimoti kwa bisibisi ndogo, akakitoa kibetri bapa, akakiweka ulimini kama daktari wa kienyeji. "Huyu ndiye marehemu." Akashtuka alichosema. "Samahani, mzee. Hiki kimekwisha. Gari halikuoni. Kwake wewe ni mwizi."

"Mwizi wa gari langu mwenyewe?"

Duka la simu la jirani halikuwa na saizi ile. Nikapanda bodaboda mpaka madukani Picha ya Ndege, nikarudi na kibetri kingine, chembamba kidogo. Kikawa kinacheza ndani ya rimoti kama jino la mtoto. Didas akakibana kwa karatasi ya pakiti ya sigara. Mjomba akabonyeza. Yakaja yale yale maandishi, yakapepesa, yakapotea.

"Tulizime lote, kama simu," Didas akasema. "Likiwaka upya litakuwa limesahau." Akachomoa waya wa betri kubwa, tukasubiri, akarudisha. Gari likaanza kupiga king'ora. Majirani waliokuja kutoa pole wakasimama getini na kanga zao, hawajui waanze na pole ya mama au ya gari.

Saa tano na nusu.

"Mjomba, tupande boda."

"Mama kawaambia Kisarawe nzima mwanangu ana gari la kubonyeza. Leo niteremke kwenye pikipiki?"

"Wanakusubiri wewe, hawalisubiri gari."

Mjomba akakanyaga breki, akabonyeza. Akabonyeza. Didas aliangalia pembeni, akawa anafuta bisibisi ambayo haikuwa na uchafu.

Saa sita na robo Mjomba alishuka mwenyewe, akakunja kanzu mpaka magotini, akamsimamisha bodaboda wa kwanza aliyepita. Mimi nikafuata na wa pili. Tukakatiza Kiluvya. Mpaka tunafika, ile kanzu ilikuwa na rangi ya barabara.

Watu walikuwa wanarudi kutoka makaburini, wawili wawili, wanaongea chini chini. Mwishehe alikuwa nyuma ya wote, udongo mbichi magotini na viganjani.

"Tulisubiri, kaka. Shehe akasema haifai kumchelewesha tena."

Mjomba aliutazama ule udongo.

"Alikuwa mzito?"

"Hapana," Mwishehe akasema. "Mwepesi sana."

Jioni nikawasha data. Firdausi, binamu yangu anayefanya kazi yadi ya magari Dar, alikuwa amenijibu status tangu saa tatu na dakika ishirini: *Acha ujinga wewe. Linasema rimoti haisomi. Kanyaga breki, gusisha rimoti yenyewe kwenye kitufe, halafu bonyeza. Litawaka.* Na vikatuni vitatu vya kucheka.

Niliisoma meseji ile mara nne. Kwenye mkeka, mzee mmoja alikuwa anamuuliza Mjomba, "Na lile gari tulilosikia, umeliacha wapi?"

"Limekufa," Mjomba akasema.

Nikairudisha simu mfukoni. Kwa mara ya kwanza maishani nilikuwa na neno, nikalimeza.

Tulirudi Visiga baada ya siku ya tatu. Mjomba alinipa ile rimoti bila kunitazama. "Mpelekee Didas. Amtafute mtu wa kununua vipuri." Akaingia ndani kujilaza.

Nilikaa kwenye kiti chake. Nikakanyaga breki, nikagusisha rimoti kwenye kitufe, kikalia kidogo, nikabonyeza. Dashibodi yote ikawaka. Injini ikanguruma taratibu, haina tatizo lolote. Na yule mwanamke, kwa sauti ile ile ya adabu, akasema maneno yake.

Nikazima haraka.

"Halidi!" Mjomba aliita kutoka dirishani. "Nani huyo ameamkia?"

"Hakuna mtu, Mjomba. Simu yangu tu."