Wageni wa Darasa la Mika

Kijiji cha Kwemhingo kiko ukingoni kabisa mwa milima ya Usambara. Ukisimama nyuma ya kanisa asubuhi, mawingu yakishaondoka, unaiona nyika yote ya Mkomazi chini, kavu na pana, na vumbi la ng'ombe likitembea juu yake. Watu wa Kwemhingo hulima karoti na kabichi huku juu. Wale ambao mashamba ya milimani hayawatoshi hushuka nyikani kulima mahindi kandokando ya mto, na huko ndiko wanakokutana na wafugaji wanaowaita Wakwavi.

Mika Shemhilu alikuwa na shamba la namna hiyo. Mwaka uliopita, mahindi yakiwa yamebakiza wiki chache kuvunwa, ng'ombe waliingia wakala mpaka mabua. Nyayo zilielekea kwenye boma la mzee mmoja aitwaye Koisasi. Kesi ilifika ofisi ya kata, ikafia hapo hapo kwa kukosa shahidi. Haukupita muda, Mika na wanaume wengine wa Kwemhingo waliwakuta ng'ombe wa Koisasi mtoni wakinywa maji, wakawakata kano za miguu ya nyuma kwa mapanga. Kesi hiyo nayo ikakosa shahidi. Kwemhingo nzima ilijua nani alifanya, na Mika mwenyewe hakuwahi kuona haya juu ya jambo hilo.

Mika huyo huyo ndiye aliyekuwa mwalimu wa vijana kanisani. Alikuwa mwalimu mzuri. Vijana walimpenda kwa sababu hakuwahubiria kama watoto wadogo. Lakini Mchungaji Rahabu, mama wa makamo aliyehamia usharika huo akitokea Muheza, alipomwita na kumwambia kwamba somo la miezi mitatu inayofuata ni kufanya urafiki na watu wa tamaduni nyingine, Mika alidhani anatukanwa.

"Mchungaji, umechagua somo hilo kwa ajili yangu?"

"Nimelichagua kwa ajili ya vijana. Wanakua wakisikia matusi tu kuhusu watu wa nyikani."

"Matusi? Watu wale wamekula chakula cha watoto wangu."

"Najua. Ukishindwa, nitafundisha mwenyewe. Ila watajua kwa nini umeshindwa."

Mika aliona kwamba kukataa kungekuwa kukubali kosa. Akafundisha. Alisoma mistari ya Biblia kuhusu mgeni na jirani kwa sauti kavu, kama mtu anayesoma tangazo la ushuru wa soko, kisha akafunga kitabu.

"Kuna swali?"

Eliza, msichana wa kidato cha nne ambaye hakuwahi kuliogopa swali, alinyoosha mkono. "Mwalimu, wewe una rafiki Mkwavi?"

"Sina."

"Basi sisi tutajifunza kwa nani?"

Kijana mmoja, Kristian, alikohoa na kutazama chini.

"Na tena," Eliza aliendelea, "nimesikia wenyewe hawapendi kuitwa Wakwavi. Wanajiita Waparakuyo. Tunaishi nao miaka yote hii, hata jina hatujui."

"Wewe unataka kuwajua?" Mika aliuliza.

"Somo limesema hivyo."

"Haya. Tutashuka. Nitawapeleka kwa mtu ninayemjua mimi."

Alisema hivyo kwa hasira, na nia yake ilikuwa moja. Alitaka vijana wakatukanwe na Koisasi, wafukuzwe na mbwa wake, warudi wakijua kwamba mwalimu wao hakuwa mjinga. Mchungaji Rahabu alituma ujumbe kupitia mwinjilisti wa kule chini. Jibu lilikuja fupi: waje.

Walishuka Jumamosi kwa njia ya miguu, kupitia migomba, kisha mawe, kisha miiba. Joto liliwapokea kabla ya watu. Mbwa walipoanza kubweka, vijana wa boma walitoka na fimbo zao wakasimama mlangoni. Kristian, aliyekuwa amejifunza salamu yao kwenye simu, alisema, "Supai!" Waliangaliana, wakacheka, na hakuna aliyemjibu.

Mzee Koisasi alikuwa amekaa kwenye kigoda. Eliza alikuwa ameona mnadani jinsi watoto wa Kiparakuyo wanavyowasalimu wakubwa, kwa kuinamisha kichwa ili mzee akiguse. Alisogea mbele, akasema, "Shikamoo, babu," akainamisha kichwa.

Mzee hakumgusa. Eliza alibaki ameinama, jasho likimdondoka puani, na watu wote wakitazama. Mwisho akainua kichwa mwenyewe, macho yakiwa mekundu.

"Huyo nyuma yenu namfahamu," Koisasi alisema kwa Kiswahili cha polepole. "Mwaka jana alikuja na panga. Leo amekuja na watoto."

"Nimekuja na darasa," Mika alijibu.

"Darasa la nini?"

Mika alitamani kunyamaza. Lakini vijana walikuwa wanamtazama. "La urafiki."

Koisasi alimsemesha mwanawe kwa lugha yao. Kijana huyo, mrefu, aitwaye Lemburis, alikwenda zizini akarudi akimsukuma ng'ombe mwekundu anayeburuta mguu. Kwato ilikuwa imepinda na kidonda cha zamani kilikuwa kimeota ngozi isiyo na manyoya.

"Wengine tuliwachinja," alisema mzee. "Huyu mke wangu alikataa. Anaye mpaka leo, anamkatia majani kwa mkono. Haya, fanyeni urafiki naye."

Hakuna aliyesogea. Msichana mmoja wa Kwemhingo alianza kulia. Mika alihisi uso ukimwaka moto, lakini katikati ya ile aibu hasira yake ilisimama pale pale, maana aliliona pia shamba lake lilivyokuwa siku ile, na mke wake Beatha akiokota magunzi yaliyotafunwa.

"Mahindi yangu nayo mlitaka niyaonyeshe wapi?" alisema. "Hayana mguu wa kuburuta."

Lemburis alipiga hatua moja mbele. Baba yake alimzuia kwa fimbo.

Wangeondoka wakati huo, na Mika angekuwa amepata alichokifuata. Ila wanawake wa boma walikuwa wakitoka na madumu kwenda kwenye mto uliokauka, ambako walikuwa wanachimba mchanga kutafuta maji, na Eliza aliwafuata. Hakuomba ruhusa kwa mtu. Kristian akamfuata, kisha wengine wote. Walipofika kwenye shimo, Eliza alivua viatu, akaingia, akashika koleo lililokuwa limeegeshwa pembeni.

Walichimba mpaka jua likawa utosini. Vijana wa boma waliwatazama kwanza kwa dharau, kisha kwa kero, maana watoto wa milimani walikuwa wanatupa mchanga upande usiofaa na shimo linabomoka. Lemburis akashindwa kuvumilia. "Siyo hivyo! Utatuzika!" Akaruka ndani, akamnyang'anya Eliza koleo, akamwonyesha. Maneno yaliyosemwa shimoni siku hiyo yalikuwa karibu yote ya kukemeana. Maji yalipotokea, machafu kama chai ya maziwa, hakuna aliyeshangilia. Walipokezana ndoo.

Mika alibaki juu ya ukingo na Koisasi. Hakuna aliyemkaribisha mwenzake kivulini.

"Mimi sitaki urafiki na wewe," mzee alisema.

"Wala mimi."

"Basi tumeelewana."

Wakati wa kupanda mlima Eliza hakumsemesha mwalimu wake njia nzima. Viganja vyake vilikuwa vimetoka malengelenge. Karibu na kijiji tu ndipo aliposema, bila kugeuka, "Nimewaalika. Jumapili ijayo baada ya ibada. Lemburis amesema watakuja."

"Nani amekuruhusu?"

"Wewe ndiye uliyetupeleka, Mwalimu."

Habari ilienea Kwemhingo kabla ya jioni. Jumapili hiyo wanaume walikuja kanisani wengi kuliko Krismasi, na ibada ilipokwisha hawakutawanyika. Walikusanyika kwenye geti la uwanja wa kanisa. Mzee Kaniki, kiongozi wa wazee wa kanisa, na mmoja wa wale waliokuwa mtoni na mapanga, alisimama ameshika komeo.

Wageni walikuja kwa ile njia ya miguu, vijana sita waliovaa shuka nyekundu, Lemburis mbele. Mmoja wao alibeba kibuyu cha maziwa ya mgando. Walipoona watu getini walipunguza mwendo, lakini hawakusimama.

"Rudini mlikotoka!" mtu alipaza sauti. Mwingine akaongeza tusi kwa Kishambaa, na watu wakacheka.

"Tumeitwa," Lemburis alisema.

"Na nani?"

"Na yule dada." Alimwonyesha Eliza aliyekuwa amesimama mlangoni mwa kanisa na wenzake. Baba yake Eliza alimshika binti yake mkono, akamvuta nyuma.

Mzee Kaniki alimgeukia Mika. "Mwalimu, wewe ndiye uliyeonewa. Hapa hakuna mwenye haki ya kusema kuliko wewe. Waambie waondoke, yaishe."

Mika alisogea mpaka getini. Alimtazama Lemburis, na Lemburis alimtazama kwa chuki ile ile aliyokuwa nayo bomani. Mika aliijua vizuri chuki hiyo, maana alikuwa anaamka nayo kila asubuhi. Alitafuta moyoni mwake huruma yoyote kwa kijana huyu, hakuipata.

"Baba yako anajua umekuja?" alimuuliza.

"Alinikataza."

"Kwa nini umekuja?"

"Nilisema nitakuja."

Hapo jiwe lilipita juu ya kichwa cha Mika likampiga Lemburis begani. Kijana alipepesuka. Wenzake wakashika marungu yao. Kibuyu kilianguka kikapasuka, na maziwa yakatapakaa kwenye udongo mwekundu mbele ya geti.

"Nani amerusha?" Mika aligeuka akapiga kelele. "Nani?"

Nyuso zote zilikuwa zinatazama kwingine. Mashahidi walikosekana kwa mara nyingine.

"Mzee Kaniki, fungua geti."

"Umerogwa?"

"Watu hawa wamealikwa na darasa langu. Nimewafundisha watoto wenu kwa mdomo wangu mwenyewe kwamba mgeni anapokelewa. Nilikuwa siamini, na sasa hivi siamini. Lakini nilifundisha. Fungua."

"Ukiwaingiza hawa, hufundishi tena hapa."

"Sawa."

Mzee Kaniki hakufungua. Mika alimwondoa mkono kwenye komeo, akafungua mwenyewe. Mchungaji Rahabu alikuwa ameshafika, bado amevaa kanzu yake, akasimama upande wa pili wa geti, na wageni wakapita katikati ya hao wawili. Halafu wanaume wakaanza kuondoka mmoja mmoja, wakitema mate njiani.

Chakula kilikuwa makande na kabichi. Vijana walikaa kwenye mabenchi, wageni upande mmoja na wenyeji upande mwingine. Baba yake Eliza alikuwa amekwisha kumpeleka nyumbani. Kristian alileta kitambaa na maji ya chumvi kwa ajili ya bega la Lemburis. Lemburis alikitazama kitambaa muda mrefu kabla ya kukipokea. Mika alikula amesimama dirishani, kisha akaenda zake.

Baraza la wazee lilikutana wiki hiyo, likamwondoa. Mchungaji Rahabu alipinga, akashindwa kwa kura. Darasa likafungwa, wakisema ni kwa muda. Eliza alikatazwa na baba yake kufika kanisani siku za vijana, na Mika aliposalimia watu dukani walimjibu kwa kutikisa kichwa tu.

"Umewasamehe?" Beatha alimuuliza siku moja wakiwa wanapalilia karoti. Alikuwa amelitunza swali hilo tangu Jumapili ile.

"Hapana."

"Basi kwa nini umejiletea haya yote?"

Mika aling'oa magugu, akakung'uta udongo kwenye mizizi. "Ningewafukuza, Beatha, ningesimamaje tena mbele ya wale watoto?"

"Hata hivyo husimami."

Mika akahamia mstari mwingine wa karoti.

Kristian na Lemburis walikuwa wamepeana namba za simu. Mwanzoni walitumiana matokeo ya mpira tu, na walibishana sana, maana kila mmoja alikuwa na timu yake. Mvua za vuli zilikuja, na mahindi ya nyikani yalipofika magotini, Kristian alikuja mbio nyumbani kwa Mika asubuhi. Lemburis amepiga simu, alisema. Ndama wametoroka usiku, wameelekea upande wa shamba la Mwalimu, na yeye yuko njiani kuwawahi.

Walishuka mlima wakikimbia. Walipofika, Lemburis alikuwa ameshawatoa ndama na kuwafunga kwenye mkwaju. Mistari ya ukingoni ilikuwa imelaliwa na kutafunwa. Mika alikuwa na panga mkononi, hakukumbuka hata alilichukua saa ngapi. Lemburis aliliona. Hakurudi nyuma.

"Wamekula hapa na pale," alisema kijana. "Nimemwambia baba. Amesema tutalipa. Amesema pia hataki kukuona."

"Mwambie nimesikia."

Mika alitembea kwenye mistari iliyoharibika, akainama, akaanza kukata yale mabua ambayo hayangesimama tena. Kristian akaingia kumsaidia. Baada ya muda Lemburis naye aliweka fimbo yake chini, akaingia kutoka upande wa pili, akawa anainua miche iliyoinama na kuishindilia udongo kwa kisigino. Alifanya vibaya. Mika alimtazama akiikanyaga miwili mizima.

"Siyo hivyo," alisema kwa ukali. "Tumia mkono."