Makapteni Wawili, Koo Moja

Mwanangu amekuwa makapteni wawili kwa miaka mingi, na hakuna aliyeona tatizo lolote mpaka makapteni hao walipokutana.

Kazi yake ni kuingiza sauti za Kiswahili kwenye tamthilia za kigeni. Watu wa kwenye televisheni wanafungua midomo kwa lugha yao, sisi huku tunasikia Kiswahili, na Kiswahili hicho kinatoka kwa mtu kama mwanangu, aliyejifungia kwenye chumba kidogo chenye magodoro ukutani. Feni haiwashwi humo kwa sababu kipaza sauti kinaisikia. Kwa hiyo yule unayemwona kwenye skrini amevaa sare na nishani, sauti yake ni ya baba wa watoto wawili mwenye fulana na taulo shingoni, anayemtazama mwenzake wa kwenye skrini midomo ili wafunge pamoja.

Tamthilia iliyompa jina inaitwa *Ng'ambo ya Jua*. Ni habari za chombo cha angani kiitwacho Mtungi, kinachopeleka maji kwa watu waliohamia sayari kavu. Ilianza wajukuu wangu wakiwa bado wanabebwa kwenda kulala, na mpaka leo haijaisha. Kapteni wa kwanza tulimpa jina la Jiwe. Jiwe haelezi, haombi radhi, na kukiwa na hatari anatangulia yeye. Baadaye watunzi walimpoteza kwenye shimo la angani, wakaleta kapteni mwingine, mtu mtaratibu, anayemuuliza kila mtu maoni yake, hata mpishi. Huyo tukamwita Pole.

Mama Studio, mwenye ile studio, wakati huo hakuwa na mtu mwingine wa kumtegemea. Akamwambia mwanangu, "Jiwe ameshakufa, hawa hawatakutana. Mfanye na huyu." Mwanangu akamfanya na huyo. Sauti ya Jiwe aliitoa kifuani, ya Pole akaitoa juu juu, karibu na meno. Watu wakapenda. Huku mtaani wanamwita Kapteni, na muuza nyanya humwomba aseme neno moja la Jiwe kabla ya kumpimia, halafu anamwongezea nyanya moja.

Kosa la Mama Studio lilikuwa kudhani kwamba mtu akipotea angani amepotea. Mwaka huu Jiwe kapatikana, mzima, ndevu zimechongwa vizuri, na kapanda Mtungi kudai kiti chake. Kipindi kizima ni makapteni wawili kubishana ana kwa ana.

Mwanangu alirekodi Jiwe peke yake, kisha Pole peke yake, na Mama Studio akawaunganisha kwa mashine. Walipoongea polepole ulijua nani ni nani. Walipopandisha hasira, koo likawa lile lile moja. Alituletea nyumbani tusikilize. Ilikuwa kama mtu anayegombana na kioo. Wajukuu walicheka mpaka wakaona uso wa baba yao, wakaacha.

Mama Studio hakumwambia ameshindwa. Alimkalisha, akamwambia, "Kapteni wangu, mmoja lazima tumpe mtu mwingine. Chagua wewe utakayebaki naye. Ijumaa anakuja mtu wa kujaribiwa, nataka uwe umeamua." Studio ni yake, angeweza kuamua mwenyewe. Hilo nililiona, na siku nikikutana naye nilipanga kumshukuru.

Jioni hiyo chakula hakikulika kwa amani. Mjukuu wangu wa kike ni dereva wa ambulensi, na yeye ni mtu wa Jiwe tangu utoto. Mdogo wake anafundisha shule ya msingi, na ni mtu wa Pole. Ubishi wao una umri mkubwa kuliko sofa tunalokalia.

"Baba, mwachie mtu Pole," dereva akaanza. "Jiwe haguswi."

"Kwa nini haguswi?" mdogo wake akamuuliza. "Kila kukiwa na shida anakimbilia mlangoni. Sasa chombo kinabaki na nani? Kapteni gani anaacha usukani kila kipindi?"

"Bora anayeacha usukani kuliko anayeitisha kikao moto unawaka."

"Kikao ndicho kilichowaokoa. Nani alijua bomba limeziba wapi? Mpishi. Na nani alikuwa na akili ya kumuuliza mpishi?"

"Mdogo wangu, mimi nikiitisha kikao kwenye ambulensi, mgonjwa mwenyewe ndiye atakayetoa hoja ya kufunga mkutano."

"Na mimi nikiingia darasani kama Jiwe, watoto wote wataniitikia ndiyo mwalimu, na hakuna atakayekuwa ameelewa kitu."

"Ndiyo maana mwanafunzi wako alikuja kwetu kwenye ambulensi na shanga puani."

"Alikuja kwenu kwa sababu alikuwa huru kuniambia ameiweka."

Baba yao alikuwa anasukuma chakula upande huu na upande huu wa sahani. Mama yao, mkwe wangu, anafanya kazi duka la dawa, na ana tabia ya kumaliza kula kwanza ndipo aongee. Alimaliza, akanawa, akarudi kukaa.

"Nyinyi mnatafuta kapteni bora," akasema. "Baba yenu anatafuta sauti ya kuishi nayo. Ya Pole ni yake mwenyewe. Hivyo ndivyo anavyoongea na mimi tukiwa na shida. Ya Jiwe aliiazima."

Hakuna aliyeuliza aliiazima kwa nani.

Marehemu mume wangu alikuwa mwendesha kreni. Kule juu, kwenye kile kibanda chake cha vioo, neno moja lisilo mahali pake linaweza kumwangushia mtu mzigo, basi akawa mtu wa maneno machache hata nyumbani. Alifariki kabla *Ng'ambo ya Jua* haijaanza. Mwanangu alipopewa Jiwe alihangaika siku nyingi, hajui huyu mtu aongee vipi, mpaka siku moja akafungua mdomo akatoka baba yake. Mimi nilikuwa nakunja nguo mbele ya televisheni siku ile kipindi cha kwanza kilipooneshwa. Niliweka shati chini nikakaa. Tangu hapo sijawahi kukosa kipindi, na watu husema bibi anapenda mambo ya angani.

Asubuhi nilimkuta mwanangu anapiga pasi. Hupiga pasi akiwa na mawazo, hata mashuka.

"Mama," akaniambia bila kuinua macho, "nikimwachia mtu Jiwe, baba atakuwa amenyamaza kabisa. Nikimwachia Pole, nitakuwa namwigiza mtu mwingine mpaka nizeeke. Sasa wewe unaonaje?"

Ningeweza kumwambia ninachotaka mimi. Lakini yeye ni mtu mzima, ana mvi kunizidi, na mdomo utakaofanya kazi hiyo ni wake. Nilimwambia, "Ijumaa nitakwenda nawe."

"Zile ngazi utaziweza?"

"Nitapanda moja moja."

Studio iko ghorofa ya pili, juu ya chumba cha mafundi cherehani. Nilipofika katikati ya ngazi pumzi ikaniishia. Fundi mmoja, mama mnene mwenye sindano kifuani, aliniona kupitia mlangoni, akatoka na kigoda akakiweka chini yangu bila kuniuliza. Nilipopumzika akakibeba nyuma yangu mpaka juu. Hao mafundi wanastahili sifa. Taa nyekundu ikiwaka juu ya mlango wa studio, wanaacha kukanyaga cherehani, wanashona vifungo kwa mkono mpaka izimike. Hawalipwi kwa hilo. Walianza wenyewe tu.

Aliyekuja kujaribiwa ni mtangazaji wa stendi ya mabasi. Nitamwita Bwana Stendi. Shati lilikuwa na mikunjo ya duka bado, na alitusalimu kama watu walio ng'ambo ya barabara.

"Shikamoo mama!"

"Marahaba mwanangu. Nimekusikia."

Akaangalia huku na huku. "Samahani, makapteni wenyewe hawajafika? Nilitaka kuwasalimia kabla hatujaanza."

"Ni mimi," mwanangu akasema.

"Yupi?"

"Wote wawili."

Bwana Stendi alimtazama, akamtazama Mama Studio kuona kama anataniwa. Kisha akacheka, akajipiga paji la uso. "Sisi pale stendi tuna televisheni ya abiria. Watu wanaachwa na mabasi kwa sababu ya Mtungi. Na miaka yote hiyo, kaka, mimi nilidhani ni mtu na baba yake."

Mwanangu alikuwa anakunja taulo. Akaacha. "Kwa nini baba yake?"

"Sijui. Jiwe akiongea, unasikia mtu asiye na haja ya kukubembeleza. Pole naye kama kakulia nyumba hiyo hiyo, ila yeye akaamua atakuwa anauliza watu."

Mama Studio akajifanya anatafuta kitu kwenye mashine yake.

"Basi wewe mchukue Jiwe," mwanangu akamwambia. "Mimi nabaki na Pole."

"Una uhakika?" Mama Studio akauliza. "Huyu hajajaribiwa hata neno."

"Nina uhakika na upande wangu. Upande wake tutaufundisha."

Wakaingia wao wawili kwenye kile chumba. Mimi niliwekwa nje ya kioo, karibu na Mama Studio na mashine yake, nikapewa vile vya kuvaa masikioni, na kigoda changu. Taa nyekundu ikawaka, cherehani zikanyamaza. Bwana Stendi akavuta pumzi.

"NANI AMEKALIA KITI CHANGU!"

Mama Studio akavua vya masikioni. "Kaka, Jiwe anadai kiti cha kapteni. Hatangazi basi la saa nne."

"Tumeshapanda!" akajibu fundi mmoja kutoka chini, na chumba kizima cha cherehani kikacheka. Bwana Stendi naye akacheka, lakini nilimwona akifuta viganja kwenye suruali. Alikuwa ameomba ruhusa kazini, na shati lilikuwa jipya.

Mwanangu alimpa taulo, lile kavu, yeye akabaki na la jana. Kisha akasogea pembeni ili mwenzake akae mbele ya kipaza sauti, mahali ambapo hakuwahi kukaa mtu mwingine. "Usitafute unene wa sauti," akamwambia. "Unene watu wanadhani ndio Jiwe. Wewe nyamaza kwanza. Meza mate. Mwache mwenzako amalize, asubiri, hata aanze kuona haya. Hapo ndipo ufungue mdomo. Baba yangu alikuwa hivyo. Alikuwa anaendesha kreni."

"Kumbe ni baba yako kweli?"

"Ni baba yangu kweli."

Bwana Stendi aliinamisha kichwa kidogo, kama mtu aliyepewa mtoto ashike. Wakaanza tena. Mara ya pili ilikuwa mbaya, mara zilizofuata zikaanza kuwa na afadhali. Joto likawazidi, wote wawili wakabaki na fulana, makapteni wawili wanagombea kipaza sauti kimoja, na ule ubishi ambao mwanangu aliushindwa peke yake sasa ulikuwa na watu wawili ndani yake. Pole alikuwa mzuri kuliko nilivyowahi kumsikia. Nadhani ni kwa sababu alikuwa na mtu wa kumjibu.

Walikwama mwishoni. Jiwe ameona jinsi Mtungi unavyoendeshwa, amewaona hata wapishi wanaitwa kwenye mkutano, na inabidi aseme: "Kaa. Kiti ni chako. Nilitaka tu kuona kama kimetunzwa." Bwana Stendi alilisema kwa ukali, halafu kwa huzuni, halafu kama mtu anayerudisha nauli. Akachoka. Akageuka kunitazama kupitia kioo.

"Mama, samahani. Mzee alikuwa akikasirika anafanyaje?"

"Anashusha sauti," nikamwambia kupitia kipaza sauti cha Mama Studio. "Ukijikuta unamsogelea ili umsikie, ujue umefika pabaya."

"Na akifurahi?"

"Anashusha vile vile."

"Sasa mlikuwa mnajuaje?"

Swali hilo sikuwahi kuulizwa. Ilinibidi nimrudishe mlangoni kwangu, akiwa ametoka kazini, nione anafanya nini. "Mikono," nikasema. "Akikasirika anakuwa ameshika kitu. Akifurahi anakiachia."

Bwana Stendi akatazama mikono yake. Alikuwa ameikamata ile karatasi ya maneno mpaka imejikunja. Akaiweka chini taratibu, akainyoosha kwa kiganja, akaiacha hapo. Mwanangu akasema neno la Pole, akangoja. Bwana Stendi akanyamaza. Akameza mate. Akanyamaza tena, mpaka nikadhani amesahau.

"Kaa," akasema. "Kiti ni chako. Nilitaka tu kuona kama kimetunzwa."

"Kimetunzwa," mwanangu akajibu, na hilo jibu halikuwepo kwenye karatasi.

Mama Studio hakuzima mashine haraka. Alisubiri kidogo, akanigeukia. "Mama, umeonaje?"

Nikamwambia masikio yangu yamezeeka, sikusikia vizuri, arudie tafadhali. Nilikuwa nimesikia vizuri sana. Naye alijua, nina hakika, lakini alirudisha nyuma akanisikilizisha tena, na nilipomwomba mara ya tatu akarudisha tena bila kusema neno.