Mzizi Waliopewa Panya

Mjukuu wangu wa kike anafanya kazi maabara, kazi ya kunywesha panya dawa. Niliposikia nilicheka hadi nikashika mbavu: sisi maisha yetu yote tunawategea panya sumu, kumbe wenzao wana wauguzi. Siku moja akaondoka na kipande cha mzizi ninaochimba kwa ajili ya magoti, akasema wanataka kupima kama una madhara. Nikamwambia awasalimie wagonjwa wake.

Asubuhi moja akanipigia simu. Waliopewa kidogo, alisema, wanakula na kukimbizana. Waliopewa dawa nyingi wamejikunyata pembeni mwa kizimba, manyoya yamesimama, na mmoja amekufa. Walipompasua wakakuta ini lina mabaka. Kisha akauliza taratibu:

"Bibi, nani anaunywa huo mzizi?"

Mimi nilishaacha, uchungu wake ulinishinda. Anayeunywa ni wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, tunayeishi naye ukuta kwa ukuta. Niliuchimba mimi, nikamchemshia mimi, na ulipomtuliza magoti akaugeuza chai. Siku hizo alikuwa analalamika kichefuchefu, nami nikamwambia asituletee aibu, amtaje baba wa mtoto.

Nilitoka mbio, kiatu cha kushoto mguu wa kulia. Nikamkuta jikoni, kikombe mkononi, mvuke unatoka. Nikamwambia akiweke chini, panya amekufa.

"Afadhali, nyumba hii wamezidi," akasema, akapuliza kikombe chake.

Mzaha mzaha, hutumbuka usaha. Mimi na wifi tangu niolewe hatujasemezana vizuri. Matusi ndiyo salamu yetu. Niliwahi kumwambia paa linaungua, akatoka nje na kanzu ya kulalia, na majirani wakafaidi. Sasa ataniaminije? Nikamwapia kwa kaburi la kaka yake. Akanikumbusha kwamba kaburi hilo hilo nililiapia niliposema sikula nyama yake. Akanywa funda moja, huku ananitazama kwa jeuri.

Ndipo nikayaona macho yake. Yalikuwa na umanjano, na mimi, hodari wa kumkagua ili nimcheke, sikuwa nimeuona. Nikapiga magoti pale sakafuni, penye maji ya vyombo, nikamshika miguu.

"Dada yangu, nakuomba. Usinywe."

Sikuwahi kumwita dada. Akakiweka kikombe chini.

"Nani amekufa?" akauliza.

"Bado hajafa mtu. Twende zahanati."

Akamwaga dawa kwenye beseni, na sufuria nzima akaimwagia humo humo.

Tulikaa kwenye benchi kusubiri majibu ya damu. Siku nyingine tungemsema kila aliyepita, viatu vyake na mwendo wake. Siku ile kila mlango ulipofunguka tulishikana mikono, na sijui wa nani ulikuwa wa baridi zaidi. Hatimaye daktari akatuita. Ini limeumia, alisema, lakini limewahiwa. Asiuguse tena mzizi ule na arudi kupimwa, litapona.

Njiani magoti yalimkamata. Akaniegemea kwa uzito wake wote, huku ananilaumu: nimemnywesha sumu, kisha nimemnyang'anya dawa. Yote mawili ni kweli. Nikamshika kiuno vizuri, tukaendelea kujikokota.