Kobe Si Kipanya

Kwa Abubakari, fundi magari wa Kilosa, kuita kila basi dogo la Hiace kipanya kulikuwa ni utovu wa adabu. Gereji kwake, yeye na wapenzi wenzake wa Hiace za zamani walikwisha kuzipangia ukoo: ile fupi ya taa za mviringo ndiyo kipanya, ndefu iliyoifuata ni jongoo, na yenye paa lililoinuka ni kobe. Ukikosea mbele yake, chai yako itapoa akikusomesha. Watu wana mambo, jamani.

Leo alikuwa amesimama kando ya barabara Kimamba, roho mkononi. Binti yake Mwanaidi, aliyekuja kumsalimia bibi yake, alikuwa ameumwa na nyoka shambani. Alilazwa kituo cha afya, mguu umevimba hadi nyonga, na dawa ya sumu haikuwepo. Gari la wagonjwa lilikuwa limempeleka mjamzito Morogoro. Shemeji yake Kondo, anayeishi Mikumi, ndiye aliyehangaika huko mpaka akaipata.

"Shem, dawa nimeshampa dereva," Kondo alimwambia kwenye simu. "Iko kwenye kiboksi cha barafu. Kipanya cheupe, kinapita Kilosa na hapo Kimamba kwenda Dumila. Simu ya dereva imeisha chaji, kwa hiyo simama barabarani akuone."

"Kipanya cheupe. Nimekuelewa, shemeji. Mungu akulipe."

Kweli alielewa, ila alielewa kivyake. Hata alipata faraja kidogo, maana barabara ile ilibakiwa na kipanya kimoja tu, cha mzee Filipo, na injini yake aliwahi kuifungua mwenyewe. Angekitambua hata kikiwa kwenye vumbi.

Akasubiri. Kituoni alikuwa amemwacha mkewe Sikuzani akimpepea mtoto kwa kanga na kumwita jina asilale. 

Ikaja kobe, nyeupe. Ikapunguza mwendo, ikapiga honi, ikasimama mbele yake kabisa. Dereva akatoa kichwa dirishani.

"Kaka, wewe ndiye..."

"Siendi popote! Pita, unanizibia barabara!"

"Lakini kaka, kuna..."

"Nimesema pita! Mtu ana mgonjwa, nyie mnawaza abiria tu!"

Dereva akamtazama, akabetua mabega, akaondoa gari. Abubakari akanyoosha shingo kuangalia upande wa Kilosa.

Simu ikalia. Kondo tena.

"Umeshaipata?"

"Kipanya hakijafika."

"Hakijafika vipi? Kitakuwa kimeondoka Kilosa kitambo. Kile cha paa la juu, shem."

Abubakari akageukia upande lilikopotelea lile gari. "Hiyo ni kobe."

"Kobe gani tena? Huku Mikumi zote ni vipanya!"

Wahenga walisema majuto ni mjukuu, lakini haya hayakungoja hata kuzaliwa. Abubakari alidandia bodaboda ya kijana Lemomo, iliyokuwa imeegeshwa jirani, akipiga kelele kama mwizi anayefukuzwa, wakaondoka na vumbi lao. Waliikuta kobe mbele huko, Rudewa, inashusha magunia.

"Si nilitaka kukuuliza, kaka?" dereva alisema, akimkabidhi kiboksi. Hakuwa na hasira hata kidogo, na hilo lilimuumiza Abubakari zaidi.

Alirudi amekikumbatia kifuani, anamhimiza Lemomo, anaomba, anamwahidi Mungu mambo asiyoyaweza. Alipoingia wodini, muuguzi Domina alikipokea kwa mikono miwili, akakiweka mezani. Hakukifungua.

"Pole, baba," alisema.

Sikuzani alikuwa amekaa sakafuni kando ya kitanda, akiushika mkono mdogo uliotokeza chini ya shuka. Akainua uso.

"Gari lilichelewa wapi, baba Mwanaidi?"

Abubakari alitaka kusema. Mungu ni shahidi, alifungua kinywa aseme.

"Liliharibika njiani."

"Kuna mtu alizembea," Sikuzani alisema, machozi yakimshuka. "Huyo aliyeichelewesha dawa ya mwanangu, Mungu asimpe raha, duniani wala akhera."

Kisha akamtazama mumewe, akingoja amuunge mkono.

"Amina," akaitikia Abubakari.