Waliofutwa Walihamia kwa Levina

Saa mbili kasoro asubuhi Levina alifungua stesheneri yake pale Mlabani, Ifakara, akaifuta vumbi mashine ya kopi kwa kipande cha khanga kuukuu, akaweka rimu mpya ya karatasi. Mteja wa kwanza alikuwa Careen, binti wa kampuni ya filamu kutoka Dar es Salaam, aliyekuja na flashi akitaka nakala kumi na mbili za skripti. Ukurasa wa kwanza ulipotoka, Levina aliusoma, akavuta kiti akaketi. Kilikuwa kitabu chake.

Si kwamba alikiandika yeye. Kiliandikwa na marehemu Mwalimu Anselim wa Kiberege, aliyekufa kabla nakala zake mia hazijapata wasomaji. Levina alikisoma akiwa darasa la sita, na tangu hapo alikuwa amekirudia mara thelathini na moja. Humo, mwaka 2140, watu wa nyota ya mbali wanashuka na kutaka bonde lote la Kilombero walifanye bahari yao. Wakubwa wameshatia saini, wataalamu wameshapima. Anayewazuia ni Bibi Aurelia, mjane aliye juu ya dungu, kichanja cha mlinzi shambani, akiulinda mpunga wake usiliwe na ndege. Anakirushia chombo chao donge la udongo kwa teo, kombeo lake la kamba, na kusema: "Chochote kinachotua juu ya mpunga ni ndege." Kitabu kizima kimesimama juu ya maneno hayo kama dungu juu ya nguzo zake.

Levina alimkaribisha Careen chai. Miaka yote hiyo alikuwa akijiuliza nani mwingine duniani anampenda bibi yule, na sasa alikuwa na mtu wa kuzungumza naye.

Wiki iliyofuata skripti ilirudi imepungua kidogo. Katekista Evarist, ambaye kitabuni anagonga kengele kuwaita watu mashambani, alikuwa amefutwa. Jioni ile ile alibisha hodi kwa Levina akiwa na mfuko wa rambo na kengele yake, akaeleza kwamba ameambiwa hahitajiki. Levina akampa chumba cha stoo. Skripti ya tatu ikawaleta wavuvi wawili wa Mofu, ndugu, na wavu wao ungali mbichi. Ya nne ikamleta kiboko, maana watu wa kompyuta walisema kumchora ni kazi ndefu. Kiboko akajituliza kwenye mtaro nyuma ya choo. Jirani yake Levina, mzee Adolf, alikwenda kulalamika kwa mjumbe wa mtaa, si kwa sababu ya kiboko bali kwa sababu ya matembele yake. Mjumbe alikuja na daftari, akawaandika wageni wote, na kwa kiboko akaacha wazi sehemu ya kabila.

Skripti ya tano haikuwa na Bibi Aurelia.

"Dairekta anasema bibi anachelewesha stori, anti," Careen alisema. Alisema kwa huruma, maana hata yeye alimpenda. Mahali pa bibi palikuwa pa Dokta Deus, mwanasayansi kijana kutoka Dar, anayewapokea wageni, anatia saini, na vijiji vyote vinawaka taa.

Levina aliprinti zote kumi na mbili. Kazi ni kazi.

Alipofunga duka alimkuta bibi kizingitini, teo begani. Alisita kidogo nani amwamkie mwenzake, kwa kuwa bibi huyu atazaliwa miaka mingi baada yake. Akaona mvi ni mvi, akamwambia shikamoo.

"Marahaba," bibi alijibu. "Nimetolewa huku punje zinajaa. Sasa nani analinda?"

Swali hilo lilimnyima Levina raha. Skripti ya sita ilipokuja, aliifungua kwenye kompyuta ya dukani, akaongeza ukurasa mmoja kwa herufi zile zile: dungu, bibi, donge la udongo, na yale maneno. Akaubana pamoja na nyingine. Katika maisha yake yote hakuwahi kufanya jambo la ujasiri kama hilo.

Siku tatu baadaye Careen aliingia akicheka. Hakuna aliyejua ukurasa ule umetoka wapi, ila dairekta aliipenda mno ile kauli. Alikuwa amempa Dokta Deus, aitumie kuwakaribisha wageni. Walikuwa wameiongezea kidogo ili ieleweke: "Chochote kinachotua juu ya mpunga ni ndege, na ndege ni mgeni. Mgeni njoo, mwenyeji apone."

Levina aliuliza kama kule kuna hata mmoja aliyewahi kulinda mpunga. Careen alisema labda dereva.

Nyumbani alimkuta Bibi Aurelia amekaa jikoni, anafumbua mdomo na kuufumba. Katekista Evarist alimulika koo lake kwa tochi, akasema koo ni zima, sauti imehamishwa tu. Levina aliinamia meza akalia, kwa sababu aliyeihamisha alikuwa yeye.

Filamu ilipokamilika ilionyeshwa Ifakara, kwenye ukumbi wa kanisa, Jumapili moja baada ya misa ya pili, mapazia yamefungwa. Dokta Deus alipotamka maneno yale ukumbi mzima ulipiga makofi, na waliopiga kwa nguvu zaidi walikuwa wakulima. Levina alisimama. Alisema kwa sauti kwamba kwenye kitabu sivyo, kwenye kitabu bibi anawafukuza.

"Kitabu gani?" mtu wa mbele aliuliza, kwa adabu kabisa. Levina akaketi.

Mpunga ulipokaribia kuiva aliwachukua wapangaji wake wote hadi shambani kwake Mofu. Bibi Aurelia alipanda dungu bila kuambiwa. Lakini mlinzi wa ndege asiye na sauti ni nusu mlinzi, na kwelea walishuka upande wowote ambao teo halikuelekea. Merina, mwenye shamba la jirani, alimwonea bibi huruma. Alimwamkia, akamwambia asijichoshe, akamuuliza kama hajaiona ile sinema. Kisha akamfundisha ile kauli yote, polepole, neno kwa neno, ili mzee aishike. Bibi aliinamisha kichwa kumshukuru.

Alhamisi ya wiki ile ile gari jeupe lilisimama kando ya mashamba yao. Walishuka wapimaji wanne na vigingi vyenye rangi nyekundu, wakaingia katikati ya mpunga. Hawakusema wametumwa na nani, na Merina hakuwauliza. Aliwapelekea maji ya kunywa kwenye jagi, akawaambia mgeni njoo, mwenyeji apone, nao wakacheka kwa kuwa nao walikuwa wameiona sinema.

Juu ya dungu Bibi Aurelia aliweka donge kwenye teo, akazungusha, akarusha. La kwanza lilipita juu ya kofia ya mpimaji, la pili likapiga kigingi. Alikuwa amefumbua mdomo wote. Wapimaji walidhani analenga kwelea, wakasogea pembeni kidogo kumpisha, wakaendelea kupigilia.