Chumba Namba Kumi na Mbili Hakijakabidhiwa

Hoteli ilifunguliwa tena siku ya Jumatatu, baada ya miezi kumi na minne. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi mlinzi wa geti alimwelekezea mhudumu wa vyumba kipimajoto kwenye paji la uso, akasoma, akaandika thelathini na sita nukta tano.

"Huna homa," alisema. "Ila sidhani kama utapata nafasi ya kazi. Dada yako ameshaingia."

"Saa ngapi?"

"Kumi na mbili kasoro kumi, kama kawaida yake. Yeye kipimo chake ishirini na mbili. Nikipima huu ukuta napata hivyo hivyo."

Dada huyo hoteli nzima ilimwita Nyoosha, kwa kuwa shuka alizotandika hazikuwa na kunyanzi hata moja. Alifariki katika mwezi wa pili wa ule ugonjwa uliofunga hoteli. Alizikwa na watu sita waliovaa mavazi ya plastiki, na mdogo wake alitazama kutoka ng'ambo ya barabara, kwa sababu hapo ndipo kamba ya kuzuia watu ilipofungwa. Watoto wawili wa marehemu walihamia kwa mama yao mdogo siku hiyo hiyo, na begi moja. Asubuhi hii walikunywa chai ya rangi bila kitafunwa, nao hawakuuliza kwa nini. Kutouliza huko ndiko kulikomtoa nyumbani mapema. Meneja alikuwa amewaahidi wahudumu kwamba mambo yakitulia, wao ndio watakaoitwa kwanza. Hakuna aliyeitwa.

Alipita mlango wa nyuma, akapanda ngazi za wafanyakazi. Mlango wa chumba namba kumi na mbili ulikuwa wazi, toroli ya shuka imeuzuia usijifunge.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Shika kona hiyo."

Akaishika. Walivuta shuka, wakaikunja chini ya godoro kwa pembe ileile waliyofundishwa pamoja mwaka walioajiriwa.

"Watoto hawajambo?"

"Hawajambo. Mkubwa viatu vinambana, anavivaa kwa kukanyaga kisigino. Huyu mdogo ameota yale meno ya mbele. Dada, nimekuja kuomba kazi, na getini wananiambia nafasi unayo wewe."

"Mimi sina nafasi," Nyoosha alisema. "Nina zamu. Haijaisha."

Alitoa karatasi ya kukabidhi chumba kwenye mfuko wa aproni. Mdogo wake hakuhitaji kuelezwa. Katika hoteli ile mhudumu hakuruhusiwa kutoka kazini kabla ya kukabidhi chumba. Kila mara meneja mwenyewe alikuja, akapitisha kidole juu ya mbao za kitanda, akafungua bomba na kulifunga, kisha akasaini. Bila saini, zamu iliendelea.

Mgeni wa mwisho wa chumba kile alikohoa siku tatu. Meneja alimwambia Nyoosha kwamba yale yalikuwa mafua tu, na kwamba wageni wengine wakisikia habari hizo watahama wote. Nyoosha aliingia, akabadilisha foronya zilizolowa jasho, akasugua sinki. Meneja alipoitwa kukagua, alisimama mwisho wa korido, akasema atakuja baadaye. Sehemu ya saini bado ilikuwa nyeupe.

Mdogo mtu aliichukua karatasi, akateremka nayo ofisini.

"Bosi, msainie basi apumzike."

Meneja aliisoma pande zote mbili. Alikuwa amekonda, na suti yake ilikuwa ya mtu mnene zaidi.

"Nikisaini naweka tarehe gani? Siku hiyo wakaguzi wa afya niliwaambia sina mgonjwa. Halafu fikiria na wewe. Wiki iliyopita wamekuja tena, wamenipa cheti. Wamemsifia sana dada yako. Anavisha mito foronya bila hata kuzipumulia. Hoteli ya jirani imekuwa ghala la saruji, unaiona. Sisi tumepona."

"Wanawe wapo kwangu, bosi."

"Najua, ndugu yangu. Pole sana." Alimrudishia karatasi. Kisha akamtazama, kama mtu anayekagua chumba. "Leo wanaingia wageni arobaini, na yeye mikono yake ni miwili. Chukua aproni. Anza na namba tisa."

Ahadi ya kazi ilikuwa imetimia, naye akashukuru. Alimrudishia dada yake karatasi, akavaa aproni, akagonga namba tisa. Mgeni aliyekuwa ndani, aliyetangulia kufika usiku wa kuamkia ufunguzi, alikohoa kabla ya kujibu, akakohoa tena baada ya kujibu. Mhudumu alirudi chini kutoa taarifa.

"Ni vumbi la safari," alisema meneja bila kuinua macho. "Na usiliseme kwenye korido."

Alipanda ngazi polepole. Katikati alisimama, akafikiria njia ya kurudi getini na viatu vinavyokanyagwa kisigino. Akamalizia ngazi zilizobaki. Alimwomba mgeni akae kwenye kiti cha dirishani, akatandua shuka. Zilikuwa na unyevu. Alitandika nyingine, akasugua sinki, akajaza karatasi yake kwa mwandiko mzuri, kisha akaomba meneja aitwe.

Meneja alikuja hadi mwisho wa korido. Kalamu ilikuwa kwenye mfuko wa koti lake, nayo ikabaki humo.

"Nitasaini kesho," alisema, akateremka.

Mhudumu aliikunja karatasi mara mbili, akaitia kwenye aproni. Nyoosha alikuwa akipita na toroli. Alisimama mlangoni, akachungulia kitanda.

"Kona ya kushoto imelegea," alisema.

Waliingia wote wawili, wakaikaza.