Sauti Iliyobaki Kazini

Kampuni ya majokofu ilipowaambia wahudumu wake wa simu wafanyie kazi nyumbani, mama Chiriku aliweka kompyuta juu ya meza ya kupigia pasi, kati ya kitanda na kabati. Alifurahi. Mwanawe angemwona mchana kutwa.

Mtoto alimwona kweli, ila mgongo. Simu ziliingia bila kupumua. Ofisini walikuwa wakitaniana wakingoja chai. Hapa chai ilipoa, na wa kumtania hakuwepo.

Jumanne moja jioni alivua hedifoni, sauti yake ikabaki humo. Alifungua kinywa kumwita Chiriku, ikatoka hewa tupu. Ndani ya hedifoni sauti iliendelea: "Karibu, mpendwa mteja!"

Kesho yake alimwandikia msimamizi. Akajibiwa upesi: "Hongera dada! Tangu jana huendi hata msalani. Ari hiyo hiyo!" Akaomba arudishiwe sauti japo jioni. "Jioni ndiyo wateja wengi, dada yangu. Tuvumiliane."

Akawa hana kazi. Alikaa mlangoni, mikono mapajani, hana hamu ya lolote. Nyuma yake sauti ilichapa kazi, changamfu kama ya msichana anayechumbiwa. Mdogo wake alipita, akatega sikio.

"Kumbe unajua kucheka hivyo? Mbona sisi ndugu zako hutuchekei?"

Mama Chiriku akainua mabega.

Kwa kuwa umeme wa pale ulikuwa wa kukatikakatika, kampuni ilituma pikipiki ikaichukua hedifoni, ikaipeleka makao makuu. Nyumba ikanyamaza.

Chiriku, aliyezoea kulala kwa hadithi ya mama, alivumilia hadithi za ishara za mikono mpaka zikamshinda. Akachukua simu, akapiga namba iliyobandikwa kwenye jokofu lao. Muziki ukalia. Mama akakaa kando yake kitandani, wakangoja foleni pamoja.

"Karibu, mpendwa mteja. Jokofu lako lina tatizo gani?"

"Mama, ni mimi."

"Pole sana kwa usumbufu. Jokofu lako lina tatizo gani?"

Chiriku akamtazama mama yake, akawaza.

"Haligandishi," akasema.

Sauti ikaanza kumweleza taratibu, kwa upole ule ule wa zamani: achomoe waya, afute mpira wa mlango, asiwe na haraka. Haijafika kwenye barafu, mtoto kalala.

"Kama umeridhika na huduma yetu, bonyeza moja."

Mama akaitoa simu mkononi mwa mwanawe, akabonyeza moja, sauti isije ikagombezwa.